Brashi za Bibi Kwan

Minto, Alhamisi mchana

Mwanangu Sifa,

Umekwenda Campbelltown kuagana na wenzako, na baba yako bado yuko bandarini Port Botany na lori lake anasubiri kontena, kwa hiyo meza ya jikoni ni yangu peke yangu kwa saa mbili au tatu. Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango. Hayo nimeyasema mpaka masikio yako yamechoka. Kesho unapanda ndege kwenda Darwin kusomea upimaji wa ardhi, na kabla hujaondoka nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili.

Ulikuwa unateremsha sanduku juu ya kabati langu, ukakuta kile kimkeka cha mianzi kilichoviringishwa, mipini mitatu ya brashi inachungulia. Ukaniambia, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu, kwamba ungependa kujifunza hati za Kichina ukiwa huko, maana humjui mtu na jioni zitakuwa ndefu. Ukauliza uchukue brashi ipi katika zile tatu, na uanze na hati gani. Mimi nikakujibu, "Chukua yoyote," nikageukia sufuria. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Niliona aibu, na aibu yenyewe ni ndefu kidogo kuieleza. Nimeandika kwa herufi za kutengana, si kwa mwandiko wangu wa haraka, ili usome mwenyewe bila kumpa mtu akusomee.

Kwanza jibu lenyewe. Usichukue yoyote, kwa sababu hazifanani. Ile nyeupe ni ya manyoya ya mbuzi. Ni laini, inakunywa wino mwingi, na ukiibonyeza inalala hapohapo. Anayeijua anaandika nayo mistari minene ya ajabu, asiyeijua anapata madoa. Ya kahawia ni ya manyoya ya kicheche. Dukani utaona wameandika mbwamwitu, lakini ni kicheche. Hiyo ni ngumu, ina ubishi, ukiinua mkono inasimama yenyewe, na ni nzuri kwa herufi ndogo. Ya tatu ina kahawia katikati na nyeupe pembeni, manyoya ya wanyama wote wawili yamefungwa pamoja. Chukua hiyo. Inabeba wino wa kutosha na bado inakutii. Ndiyo wanayopewa wanaoanza, na ndiyo aliyonipa Bibi Kwan nijifunzie baada ya kuona niliyojinunulia.

Bibi Kwan ulimsikia jina tu. Alikuwa mmoja wa wazee wangu kazini, kwenye ile nyumba ya wazee kule Westmead. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Alifundisha shule ya msingi Hong Kong maisha yake yote, mpaka mwanawe, Alvin, akamleta Sydney, na somo alilolipenda lilikuwa mwandiko. Alipofika kwetu alikuwa ameshapata kiharusi cha kwanza. Masikio yalikuwa mazito, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka karibu chote. Yalibaki "asante" na "moto sana", na hilo la pili alilisema hata juu ya chai iliyopoa. Lakini kila nilipomlisha nilimwona anaandika kwa kidole juu ya meza. Nikamwambia Alvin, naye akaleta ule mkeka na brashi zake za zamani.

Nilikuwa nasimama nyuma yake namtazama. Siku moja akageuka, akanitia brashi mkononi, akaushika mkono wangu juu yake akaanza kuuongoza. Unajua shule yangu iliishia darasa la sita pale Uvira, vita vilipofika. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono akanifundisha kuandika taratibu namna ile. Niliona raha ambayo sikuwa na jina lake.

Wiki ileile nikaenda Parramatta kununua brashi yangu mwenyewe, na nikainunua kwa macho. Ilikuwa kubwa, mpini mwekundu umechongwa joka, ncha kali kama sindano. Bibi Kwan aliizungusha vidoleni, akaichovya kwenye maji ya vuguvugu, akasubiri. Gundi ilipoyeyuka ile ncha ikafumuka kama ufagio, na alipoandika mstari mmoja manyoya matatu yakabaki kwenye karatasi. Akayaokota moja moja, akaniwekea kiganjani, akasema, "Asante." Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Tangu siku hiyo najua kwamba brashi mpya huja na gundi, na gundi hufanya kila brashi ionekane nzuri. Hiyo yako ikiharibika, ukaenda kununua nyingine, omba wakuruhusu kuilowesha. Ikishalowa, ibane kwa vidole uone kama inachongoka. Ibonyeze ilale, uone kama manyoya yanalingana mwishoni. Igeuze uone kama ina kibiongo upande mmoja. Halafu ikunje kidogo uiachie, uone kama inarudi. Wakikataa usiiloweshe, nunua ya wanafunzi, uache ile ya kupamba ukuta. Na ukimaliza kuandika osha kwa maji matupu, bila sabuni, uitundike ncha ikitazama chini. Usiisimamishe kikombeni usiku kucha. Ile yangu ya joka niliiua hivyo.

Nilisema sitatoa maagizo, na naona nimeshayatoa. Vumilia. Haya ya brashi ni rahisi kuandika kuliko yanayokuja.

Sasa hati. Wachina wana namna tano kubwa za kuandika maneno yaleyale. Alvin ndiye aliyenitafsiria majina. Kuna hati ya mihuri, ya kale kabisa, kama picha. Kuna ya makarani, pana, imekaa chini kama mtu aliyetulia. Kuna ya kusimama, ambayo kila mstari unajitegemea na kila herufi inakaa kwenye mraba wake. Kuna ya kutembea, ambayo mistari inaanza kugusana. Na kuna ya majani, ambayo herufi nzima inatoka kwa mkupuo mmoja na kuyumba kama nyasi kwenye upepo. Mimi niliitaka ya majani papo hapo. Bibi Kwan alinipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono, akanirudisha kwenye mstari mmoja wa kulala. Kwa Kichina mstari mmoja wa kulala ni "moja". Niliandika moja kwa wiki mbili.

Anza na ya kusimama. Wengine huanzia ya makarani, na si vibaya, kwa kuwa haina haraka. Lakini usianze na zile za kukimbia. Sababu yake niliiona dirishani.

Unaukumbuka mwaka wa pili wa korona, mji ulipofungwa tena mwezi wa sita. Wewe ulikuwa mwaka wa mwisho wa shule, umejifungia chumbani na kompyuta. Sisi wa vitongoji vya huku tulikuwa na masharti mengi kuliko wengine, karatasi za ruhusa mfukoni, pua zinachokonolewa kila baada ya siku chache. Kazini wageni hawakuruhusiwa kuingia. Familia zilisimama nje kwenye bustani, wazee ndani, kioo katikati. Wengine walizungumza kwa simu huku wanatazamana. Bibi Kwan hakusikia kitu kwenye simu. Aliitazama, akaigeuza, akaiweka chini, na Alvin alibaki nje anapunga mkono kama mtu anayesafisha kioo.

Mara ya tatu nikaweka meza dirishani na brashi juu yake. Bibi Kwan alielewa bila kuambiwa. Akaandika haraka, kwa hati ya kutembea, nzuri kweli, nikaishikilia karatasi kwenye kioo. Alvin akasogea, akasoma juu, akasoma chini, akatikisa kichwa. Alikuwa amepelekwa shule ya Kichina ya Jumamosi akaiacha akiwa na miaka kumi. Hakuweza kusoma mwandiko wa mama yake.

Bibi Kwan alimtazama muda mrefu. Kisha akairudisha brashi ya mbuzi, akachukua ile ya katikati, ya manyoya mchanganyiko, akaandika upya kwa hati ya kusimama, kubwa, mstari kwa mstari, kama anavyomwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Nikashikilia. Alvin akasoma akitembeza midomo. Akainua mikono akaweka tumboni, kuonyesha ameshiba. Mama yake alikuwa amemuuliza kama amekula.

Walizungumza hivyo tangu siku hiyo. Alvin akawa anaandika majibu kwenye daftari huko nje, kwa kalamu nene, na makosa kibao, na mama yake anayasoma yote. Mimi nikawa mshika karatasi. Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda zaidi.

Siku zangu za mapumziko nilikaa kwenye meza hii na magazeti ya zamani nikifanya mazoezi. Na hapa linakuja kosa la kwanza, dogo. Siku moja ulitoka chumbani kupasha chakula, ukasimama pale kwenye jokofu. Ukaniambia kwamba mwandiko wa yule bibi naujua vizuri sana, je, wako naujua? Nikakujibu, "Wewe unaandika kwa kompyuta." Ukachukua sahani ukaondoka. Ulikuwa na mtihani mkubwa wa maisha yako, na miezi miwili sikuwa nimekuuliza hata unasoma nini. Nilikuwa nimepata mtu wa kunifundisha, nikasahau kwamba ndani ya nyumba yangu kuna anayenihitaji.

Kosa la pili hulijui. Baba yako analijua, na mkuu wangu kazini analijua.

Mwezi wa nane Bibi Kwan alipata kiharusi kingine, kidogo. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Hakuacha kuandika. Kila mchana aliomba brashi, akaandika, na kilichotoka kilikuwa mistari iliyovunjika, herufi zinaanguka ubavu, wino umemwagika. Nilikuwa nazitazama zile karatasi naumia. Nilijiambia Alvin asizione, atavunjika moyo. Nilipomaliza kumsafisha na kumlaza, nilizikunja nikazitia kwenye mfuko wa taka pamoja na mengine ya chumbani. Nilifanya hivyo siku nyingi. Sikuhesabu karatasi.

Alvin alikuwa aje Jumamosi. Ijumaa nilikuwa na mapumziko, na nilikuwa nimeomba kuazima ile brashi ya katikati nije nayo nyumbani. Nikakaa hapa nilipokaa sasa, asubuhi kweupe, nikaandika herufi mbili ambazo Bibi Kwan alizipenda, zenye maana ya salama. Nilikuwa nazijua. Nilijua jinsi alivyopinda kidogo mwisho wa mstari wa kulala, na jinsi alivyoacha nafasi chini ya paa la herufi ya pili. Niliandika karatasi ishirini nikachagua moja. Ilikuwa mwandiko wake, Sifa. Hata mwenyewe nilishangaa.

Jumamosi nikaiweka mezani mbele yake. Nikaushika mkono wake nikauweka kwenye pembe ya karatasi, tukainua pamoja mpaka kwenye kioo. Alvin aliisoma mara moja. Akaweka kiganja chake kwenye kioo, akalia. Bibi Kwan alinigeukia akanitazama. Sikujua mtazamo ule una maana gani, na sikutaka kujua. Alvin aliomba apewe karatasi ile, nikaitia kwenye bahasha nikaipeleka mlangoni.

Baada ya siku tisa Bibi Kwan akafariki, asubuhi, si kwa korona. Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Sisi tulitazama kwenye simu ya mwenzangu, chumba cha wafanyakazi, wakati wa chakula. Jeneza lilikuwa limefunikwa maua meupe, na kando yake, kwenye fremu, palikuwa na mwandiko wangu.

Mwenzangu aliniuliza kama nataka maji. Nikasema ndiyo.

Mwezi wa kumi Alvin alikuja kuchukua vitu vya mama yake. Akanikabidhi ule mkeka wa brashi. Akasema, "Mama angependa uwe nazo wewe. Ile karatasi ya mwisho isingekuwepo bila wewe." Nikazipokea. Nikasema asante. Nilirudi na mkeka ule kwenye treni, nikabadilisha kwenye stesheni ya Glenfield, na njia nzima nimeukumbatia kama nimeuiba. Nikauweka juu ya kabati, na sikuufungua tena. Mazoezi nikayaacha. Wewe ulidhani nimechoka.

Nilikaa nalo mpaka mwezi wa kumi na mbili. Baba yako ndiye niliyemwambia kwanza. Unamjua, hasemi mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yule bwana anaweza kujua bila wewe kumwambia?"

Nikasema, "Hawezi."

Akasema, "Basi ni wewe tu," akaenda kuoga.

Nikampigia Alvin. Tulikaa kwenye benchi nje ya stesheni ya Westmead, kila mmoja na barakoa yake. Nilimweleza bila kuzunguka. Nilimwambia mwandiko ule ulikuwa wangu. Akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Wiki zile mama aliandika kitu chochote yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu. Labda kumi. Labda kumi na tano."

"Ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. "Zilikuwa mbaya."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa. Akasema, "Mama yangu aliniandikia mara kumi na tano, na wewe ukaamua hazipendezi." Hakupandisha sauti. Nilimwambia nitamrudishia brashi, akasema hazitaki, akainuka akaenda zake. Wiki iliyofuata nilimweleza mkuu wangu mwenyewe. Nikapewa barua ya onyo, nikaitia sahihi. Ilikuwa haki.

Kwa miezi yote ile nilikuwa nadhani kosa langu ni kudanganya. Kudanganya lilikuwa kosa, sikatai. Lakini pale kwenye benchi ndipo nilipojua kubwa zaidi lilikuwa lipi. Nilichukua kazi ya mkono uliokuwa unahangaika nikaona uchafu. Mwanamke yule hakuwa anaandika ili apendeze. Alikuwa ana jambo la kumwambia mwanawe.

Sasa turudi Jumapili. Ulipouliza brashi ipi, nilijua itanibidi niufungue mkeka. Jumatatu ulipotoka nikaufungua. Ile brashi ya kahawia ilikuwa imezungushiwa karatasi. Bibi Kwan alikuwa na desturi hiyo, kuizungushia brashi karatasi iliyotumika ili inyonye unyevu, na siku ambazo sikuwepo zamu aliifanya mwenyewe. Nilipoikunjua nilikuta maandishi. Mistari imevunjika, herufi zimeanguka ubavu. Nilikaa kitandani nimeishika kwa vidole viwili.

Nikampigia Alvin. Sikutegemea angepokea, lakini alipokea. Jumanne akaja mpaka hapa Minto. Ni yule bwana uliyemsalimia kwenye njia ya gari ulipokuwa unatoa takataka, ukaniuliza nani, nikasema mtu wa kazini. Hakutaka kuingia ndani. Nilimpa karatasi palepale juani. Aliisoma akitembeza midomo kama alivyokuwa akifanya nyuma ya kioo. Alirudia mara mbili tatu, akigeuza kichwa, kwa sababu herufi moja ilikuwa imelala kabisa.

Nikamuuliza, "Unaweza kusoma?"

"Anasema nivae koti," akasema.

Nikakumbuka ile miezi ya baridi, Alvin amesimama kwenye bustani kwa shati tu. Sasa alisimama kwenye njia yetu ya gari, joto lile la Februari, jasho linamtiririka shingoni, ameshika karatasi inayomwambia avae koti. Mwishoni akasema ile ya kwenye fremu ameitoa ukutani. Akasema nyingine zile hatajua zilisema nini. Nikasema, "Najua." Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumuuliza. Alipofika kwenye gari aligeuka akasema brashi nizitumie au nimpe atakayezitumia, zisikae kabatini zikaliwa na wadudu.

Kwa hiyo ukiichukua ile ya katikati, ujue ndiyo iliyoandika "umekula?", na ndiyo niliyoandikia uongo. Imeoshwa. Ni brashi nzuri. Sikutaka uipokee kwangu bila kujua.

Na kuna la tatu, mwanangu, ambalo ni kati yangu na wewe.

Nilipotoroka na watu wetu tukafika kambini Kigoma, nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na Kiswahili changu kilikuwa cha Uvira. Nilisema "kitabu yangu" na "vitu yote ilianguka", na wasichana wa pale wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nilijifunza. Nilijifunza kwa hasira, mpaka watu wakawa wananiuliza mimi neno lipi ni sahihi. Ulipozaliwa nikaapa hakuna atakayekucheka. Ukifungua mdomo, nakusahihisha. Ukisema sentensi, nairudia ikiwa imenyooka. Huku Sydney niliendelea hivyohivyo, kana kwamba kuna mtu Minto anayesikiliza ngeli zako.

Ulipokuwa na miaka minane uliniletea kadi ya Siku ya Akina Mama. Ulikuwa umeandika kwa Kiswahili, peke yako, bila msaada. "Mama nakupenda, mikono yako mzuri." Nikachukua kalamu iliyokuwa mezani nikaongeza herufi moja, ikawa mizuri. Nikakuonyesha huku natabasamu. Ukaichukua ile kadi ukaenda nayo chumbani, na sijaiona tena. Baada ya hapo ulianza kunijibu kwa Kiingereza. Nilisema ni shule. Niliwaambia kina mama kanisani kwamba watoto wa huku wote wako hivyo. Nilikuwa nazungumza nao hivyo kwa miaka kumi, mpaka siku ile ya benchi.

Sikuombi uanze kuongea Kiswahili ili kunifurahisha. Ukinipigia kwa Kiingereza nitapokea kwa Kiingereza, na nitafurahi. Lakini ikitokea siku umekaa na ile brashi, umeandika mstari wako wa kulala na umetoka umepinda kama mgongo wa paka, usiuchane. Upige picha unitumie. Na ikitokea siku umeandika neno la Kiswahili, lolote, limekaa vyovyote, nitumie pia. Kalamu nimeiweka chini. Nataka kujua tu unachosema.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo la jana ambalo sidhani uliliona. Nilikuwa nafua, wewe uko kwenye haraka, na ukapaza sauti kutoka chumbani, kwa Kiswahili, sijui kwa nini, "Mama, viatu yangu iko wapi?"

Nilisimama na nguo iliyolowa mkononi. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, viatu vyangu viko wapi, lilifika lenyewe. Nikalimeza.

Nikakujibu, "Iko chini ya kitanda."

Ndivyo mama yangu angesema. Sikuwa nimeongea hivyo tangu Uvira.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Sifa